Mchezo Usio na Baba Hata Mmoja

Siakago

Mdogo wangu Kirimi,

Hamjambo hapo Ruiri? Mvua imefika, au bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima, ila joto la huku Mbeere halijanihurumia hata baada ya kufundisha hapa miaka hii yote.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao Mwenda, anayetahiriwa Desemba. Ijumaa tuliletewa mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa shule yetu. Unahusu wavulana waliotahiriwa, wanaouguza vidonda kibandani. Vijana waliowekwa kuwatunza wanawanywesha pombe kali ya chang'aa, wanawachapa, na kula chakula ambacho wavulana wamepikiwa na mama zao. Mvulana mmoja anatapika mpaka ananyamaza kabisa. Pazia linafungwa. Nusura nitoke.

Lakini kilichonitia kinyaa zaidi ni maneno yaliyofuata. Mwenyekiti wa wazazi alisimama kwa hasira.

"Huu ni uchafu! Nani amewaruhusu kuonyesha wanawake mambo ya wanaume?"

Mama mmoja muuza ndizi akamjibu kutoka nyuma, "Mwenyekiti, mwanao si alirudi akinuka chang'aa? Zile nguo alifuliwa na wanaume?"

Watu wakaangua kicheko. "Wewe mama, keti!" mwenyekiti akafoka.

Kisha mzee wa kanisa akasema mwandishi hajui mila, kwa maana hakuna baba hata mmoja anayetokea jukwaani. Akapigiwa makofi. Kirimi, mimi sikupiga. Wewe unakumbuka marehemu baba alivyokuja kibandani kila jioni, akanusa vikombe, akakagua vidonda, akatufundisha. Tohara ilikuwa hasa hayo. Kisu kilikuwa kazi ya dakika. Hawa waliopiga makofi hutuma mbuzi wakaona wamemaliza. Mchezo haukuwasahau akina baba. Uliwaonyesha walivyo.

Nawe umeniambia umepata vijana wawili wa sokoni wamtunze Mwenda. Waondoe. Lala kibandani wewe mwenyewe. Ukishindwa, shule zikifungwa nitakuja na blanketi langu nilale mlangoni. Ukikataa yote mawili, nitamshauri mama yake ampeleke hospitali na auguzwe nyumbani, na majirani waseme watakavyo.

Nisalimie mkeo, na shangazi yetu wa Kanja akija kuwatembelea. Mwenda naye mwambie hatakuwa peke yake kibandani: atakuwa na baba yake, au baba yake mkubwa. Ni nani kati yetu, chagua wewe, kisha unijibu.

Kaka yako akupendaye,
Mwalimu Ikiara