Damu Imesema Walichokula

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya sita ya utafiti, na sijakosea sahani hata moja. Wagonjwa arobaini wa wodi ya viungo, wote vidole na magoti yamewavimba. Trei nyekundu: kijiko cha mafuta ya samaki juu ya mboga, baada ya kuepua — moto unayaharibu. Trei za buluu: mafuta ya kawaida. Leo nilimbana daktari wa utafiti anieleze tena. Kumbe chembe nyeupe za damu, hao askari wa mwili, huvaa mafuta tunayokula! Yanaingia hadi kwenye ngozi zao. Waliovaa ya samaki hupunguza fujo, na uvimbe huenda ukatulia. Miaka kumi na tisa napika hapa, kumbe navisha askari.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Mkuu wa maabara kashuka mpaka jikoni, hata salamu hakuna. Damu ya wagonjwa wawili imekuja kinyume: wa trei nyekundu hana dalili ya mafuta ya samaki, wa buluu anayo tele. Akasema mbele ya wasaidizi wangu kwamba tumechanganya, na kazi yote huenda ikatupwa. Nimefika nyumbani sina hamu ya kula. Mume wangu kaniuliza kama nina hakika.

"Mkono wangu naujua," nikamwambia.

Akaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewapata! Mchana nilisukuma toroli mwenyewe, kisha nikajifanya napanga vikombe pembeni mwa wodi. Muuguzi kugeuka tu, mgonjwa mmoja, fundi cherehani, akampa jirani yake wa kitanda trei nyekundu, akachukua ya buluu. Jirani ni dereva mstaafu — huyo hachagui chakula. Nikamfuata fundi. Mtu mzima, kaona aibu. Kasema tangu siku ya kwanza harufu ya samaki inamchefua, na hakutaka kuniudhi. Vidole vyake bado vimevimba, sindano haishikiki. Dereva je? Anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Sikuweza kumgombeza fundi. Nilimshikia kikombe akanywa chai.

Nikampelekea daktari habari mbiombio. Kacheka mpaka akavua miwani. Kanionya kwamba watu wawili si ushahidi, nisianze kumtangazia mtu dawa. Lakini vipimo havikukosea, wala mimi.

"Damu imesema walichokula," alisema. "Jiko lako liko sawa, mama."

Nilirudi nyumbani kichwa juu. Nikamsimulia mume wangu mara mbili. Ya pili aliiomba mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mkutano. Ndani wanaamua kama utafiti uendelee. Daktari kaniita niwaeleze. Nimevaa aproni safi. Namsikia mkuu wa maabara: hesabu zimeharibika, hao wawili waondolewe, na nani ajuaye kama wengine hawabadilishani? Swali la haki, sikatai. Jibu ninalo. Kuanzia sasa nasimama wodini mpaka sahani ya mwisho iishe. Na ndimu nitakamulia trei zote, nyekundu na buluu, harufu ya samaki ifunikwe, mtu asitofautishe trei. Asubuhi fundi kaniomba nimwombee aanze upya.

Mlango umefunguliwa. Ni yeye mwenyewe, mkuu wa maabara. Hajaomba radhi. Anasema viti vimejaa, nichukue chake. Nafunga daftari, naingia.