Taa Tuliyoizima Wenyewe

Nyeri, Jumamosi jioni. Ukungu umeshinda hapa mjini tangu asubuhi, na bado nimevaa koti ndani ya nyumba.

Leo nimemwaibisha dada yangu mbele za watu.

Kikundi chetu kidogo huandaa tamasha la filamu kila mwaka katika ukumbi wa kanisa. Mwaka huu niliwasumbua wenzangu mpaka wakakubali tuwaalike viziwi. Kusema kweli nilikuwa nikimwaza Wangechi, dada yangu, ambaye hajasikia kitu tangu augue akiwa na miaka sita. Tukampata mkalimani wa lugha ya ishara, Mwalimu Kariuki. Kwenye bango nikaandika kwa herufi kubwa: VIZIWI KARIBUNI. Nilijivunia bango lile kupita kiasi.

Wangechi alikuja kutoka Endarasha na wenzake wanne, wamevaa nguo za kanisani. Tukawaketisha mbele. Mwalimu akasimama kando ya skrini. Kisha tukaziba madirisha kwa mablanketi na kuzima taa, kama tunavyofanya kila mwaka.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba gizani mikono haionekani.

Baada ya muda Wangechi na wenzake wakawasha tochi za simu na kummulika Mwalimu. Watu wa nyuma wakaanza kelele: "Ati ni nani hao? Si mzime hiyo kitu, hatuoni!" Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza shughuli. Nikashika maikrofoni nikasema, "Wa mbele, tafadhali zimeni tochi."

Viziwi, niliwaambia kwa maikrofoni.

Walipokosa kuzima, nikateremka na kuifunika simu ya Wangechi kwa kiganja changu. Alinitazama, kisha akaizima. Wenzake nao wakazima. Wakakaa hivyo mpaka filamu ikaisha.

Taa zilipowashwa Mwalimu aliniambia kwa upole, "Madam, leo nimetafsiria ukuta." Wangechi hakungoja chai. Baadaye akaniandikia kwenye simu: "Ungeniambia nibaki. Viazi zangu ziko na magugu."

Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Nyumbani kwetu, tukiwa watoto, mama alitukataza kuzima taa ya chemni kabla Wangechi hajamaliza kuongea. Hata mafuta yakiwa karibu kuisha, tulingoja mikono yake itulie ndipo taa ipulizwe. Nilikua nikifanya hivyo kila siku. Nilisahau lini?

Nimeshazungumza na wenzangu. Kesho tuna filamu ya pili, na taa itammulika Mwalimu mwanzo hadi mwisho. Atakayelalamika atakutana na mimi.

Nimemwandikia Wangechi kumwomba msamaha, nikamsihi arudi. Amenikalisha roho juu karibu saa nzima, ndipo amejibu.

"Nitakuja. Lakini nitabeba tochi yangu."