Kikombe Nilichokirudisha Bila Kukiosha

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui huko Kisaki ufuta umeshavunwa au bado. Nakuandikia kutoka karakana yetu ya matenki ya faiba hapa Kihonda, na hii ni karatasi ya tatu. Mbili nimezichana.

Unakumbuka lile tenki dogo tulilompelekea mama mdogo kule Kinole? Gari liliishia njiani, tukalibeba mabegani, mvua ikatukuta mlimani, tukalilaza chini na kujibanza ndani yake. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema nguo zetu zitanuka faiba mpaka tuzikwe. Zangu bado zinanuka.

Kazi hii umenifundisha wewe. Rezini, ile gundi ya kupakia faiba, ikiwa peke yake, ulisema, inaweza kukaa siku nyingi ikibaki uji tu. Unaitilia kwanza kobalti, yale maji ya zambarau yenye madini, unakoroga vizuri, ndipo unatia hadina, ile dawa ya kugandisha. Hapo inapata joto na kuwa ngumu kama pembe. Wenzetu walitazama saa. Wewe uliliweka kopo shavuni, ukalisikilizia joto, ukasema wapake. Hukukosea hata siku moja.

Na ulikuwa na sharti lako: kobalti na hadina visikutane vyenyewe kwa vyenyewe, maana vinalipuka. Ndiyo maana vikombe vya kupimia vilikuwa viwili, cha kobalti kina kamba nyekundu, cha hadina kamba nyeupe, kila kimoja na msumari wake ukutani.

Kaka, siku ile ya moto kile cha kamba nyekundu kilikuwa kimegandiwa na rezini. Nami nilikuwa na haraka, mashoga zangu wananingoja twende kwenye ngoma ya mwali. Nikapimia kobalti kwenye kikombe cha hadina, nikakirudisha msumarini bila kukiosha. Nilijiambia nitakiosha nikirudi. Ukaja wewe, ukamimina hadina humo, vikalipuka.

Moto ule ulikupofusha jicho la kulia. Baba alisema umechanganya dawa kwa uzembe, nawe pale kitandani, uso umefungwa bandeji, ukamjibu, "Sikumbuki, baba, lakini labda ni mimi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji. Nikakumiminia uji. Nilidhani nitasema kesho yake, na hiyo kesho nikaisogeza miaka. Wewe ukasema mikono yako haiaminiki tena, ukaenda kulima. Mimi nikabaki na karakana, wateja wananiita fundi. Naona haya, kaka, haya isiyo na mfano. Kila mgeni akija, baba anamsimulia uzembe wako, nami namimina chai.

Jana alianza tena. Nikaweka birika chini, nikamweleza yote mbele ya mgeni wake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mimi nitamtazamaje mwanangu?"

Aliingia chumbani, chakula cha usiku hakukigusa. Asubuhi hii ameniambia nimtafutie gari la kuja Kisaki. Siku hizi miguu inamsumbua, tafadhali ukampokee.

Sikuombi unisamehe upesi, wala sina uso wa kuomba. Nimeandika ili ulijue jambo hili kutoka kwangu kabla hajafika. Mikono yako haikukosea, kaka. Iliyokosea ni yangu.

Ni mimi, mdogo wako uliyenifundisha kazi.