Kikombe cha Undugu

Jumanne, 8 Oktoba

Siku 341 bila pombe. Nilipozitaja kwenye darasa letu la walioacha pombe, wakapiga makofi ya adabu. Kisha akasimama huyu mgeni, Chizuru — siku 58! — ukumbi ukalipuka. Hamsini na nane! Hata achari yangu ya figili ina umri mkubwa kuliko huo.

Mwalimu Orihara anasema kozi hii ni ya mtu kuwa kocha wake mwenyewe. Kila asubuhi unajiuliza swali kwenye daftari, unajijibu bila kujidanganya. Haya, swali la leo: Fusae, kwa nini unamchukia binti wa watu? Jibu: simchukii. Ananikera tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Chizuru kasoma daftari lake. Alijiuliza alikuwa anakunywa nini hasa. Akajibu: ukimya wa mama yake. Mwalimu akavua miwani, akajifuta macho. Mimi mwezi mzima nawasomea habari za kazi yangu ya udobi na mvuke wa pasi, hakuna hata aliyekohoa.

Nywele nzuri, sauti nzuri. Hata kulia analia vizuri! Wivu huo, ndiyo. Acha niuandike, nani atasoma? Kabla hajaja yeye, angalau nilikuwa nasikilizwa pale.

Jumatano, 16 Oktoba

Swali: ungefurahi akianguka?

Nimekwenda kazini kupiga pasi mashati.

Jumanne, 22 Oktoba

Baada ya darasa nilikuwa naosha vikombe vya chai. Chizuru akaja kunisaidia kufuta. Mdogo wake anaolewa Jumapili, saa tano, kwenye hekalu. Maharusi wakishamaliza vikombe vyao, jamaa wa pande zote mbili nao humiminiwa sake, ile pombe ya mchele, wanasimama, wanakunywa pamoja. Hapo ndipo undugu unafungwa. Asiyekunywa anaonekana kaukataa. Na wakwe hawajui lolote kuhusu Chizuru. Mama yake amemwambia asithubutu kuwaaibisha.

"Mama Fusae, wewe ulimwoza mwanao mwaka jana. Kile kikombe ulikifanyaje?"

Jibu ninalo. Unawahi mapema, unawanong'oneza wale mabinti wa hekalu wanaomimina, wanakuwekea maji kwenye kikombe chako. Rahisi hivyo. Hakuna anayejua. Mimi niliambiwa na mgonjwa mwenzangu baada ya harusi, nikiwa tayari nimelazwa kwa pombe.

Nikamtazama. Nikakumbuka yale makofi.

"Gusisha midomo tu, mwanangu," nikamwambia. "Ile ni adabu, si pombe."

Maneno yale yale niliyojiambia mimi. Midomo ikagusa, ulimi ukafuata. Miaka miwili yangu bila pombe ikaisha kabla hata hatujapigwa picha.

Akainama kunishukuru. Akainama tena. Kisha akanifunulia ukurasa wa mwisho wa daftari lake, ule tunaotakiwa kuandika jina la mtu mmoja wa kumpigia mambo yakiharibika. Wangu bado mtupu. Nilijua wake una jina la mwalimu, nikajiandaa kununa.

Kaandika Fusae. Mwandiko mzuri, bila shaka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sijala vizuri tangu Jumanne.

Swali: namba yake unayo? Jibu: ninayo.

Swali: sasa unangoja nini? Jibu: nikimpigia itabidi nimwambie kwa nini sikumwambia habari ya maji siku ile.

Swali: na hilo ndilo zito kuliko yeye kuanguka?

Nitampigia kesho. Asubuhi na mapema, kabla hajavaa kimono.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa moja. Bado amelala, labda. Nisimwamshe.

Saa tatu. Nimefua mapazia. Yalikuwa safi.

Saa nne na nusu. Nimepiga! Imezimwa. Bila shaka imezimwa, yuko hekaluni. Mpumbavu mimi.

Saa tano na robo. Sasa hivi wanasimama.

Saa saba kasorobo. Simu inatetemeka juu ya meza. Ni yeye. Labda anataka kunishukuru. Labda kafanya nilivyomwambia na hakuna kilichotokea, wengine wana bahati yao. Imenyamaza.

Inaita tena.

Nimepokea. Naandika huku nimeibana sikioni kwa bega, mwalimu alisema ukizidiwa andika. Nasikia sahani, nasikia watu wanacheka nyuma yake, mtu anaita waje kupiga picha. Nikamwita jina. Anapumua tu.

Kisha akauliza, polepole, kila neno akiliweka kwa uangalifu kama mtu anayejitahidi asisikike kalewa:

"Mama Fusae. Na wewe uligusisha midomo tu?"

Bado yuko kwenye simu. Anangoja nimjibu.