Kamongo Niliyemfuga Kwenye Pipa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kiseke tu wazima, na bibi yako anatembea tena bila fimbo.

Unauliza kama ni haki duka kuuza samaki atakayekua hadi kulishinda tangi la nyumbani. Shajara yangu ya ujana inasema nilifuga kamongo mchanga, yule samaki mrefu kama nyoka, kwenye pipa. Mwaka wa pili alikuwa mkubwa hata hakuweza tena kugeuka. Mama akanicheka: "Bwana samaki, tumle au umrudishe?" Nikamrudisha ziwani nilikomtoa.

Muuzaji wako alijua samaki uliyemnunua angekua kupita tangi lako, asikuambie. Hakupaswa kumuuza. Ila kinachoninyima usingizi ni kusema kwako kwamba utammwaga mtoni Jumamosi. Wako ni mgeni katika maji yetu, na sisi tuliona sangara, naye mgeni, alivyowamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa letu. Nipigie kabla hujashika ndoo.

Babu yako