Shahada ya Mama Imo Mfukoni mwa Mchungaji

*(Daftari hili nimelikuta kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Ni la miaka ile vyama vingi vilipokuwa bado vigeni kwetu. Nachapa kama nilivyoandika siku ile, na ukali wake sijaupunguza.)*

Jumapili, saa nane mchana. Jua linachoma, mawingu yanapita kuelekea ziwani bila hata kutusalimia. Nina hasira, tena si ndogo.

Leo ni siku ya kura. Mimi nimepiga. Mama hajapiga.

Mama yuko hapo nje kwenye kigoda anapepeta choroko na hataki kuniangalia. Haki yake. Ngoja niandike kila kitu kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana.

Hapa kwetu, ng'ambo kidogo ya Kasoli, kabla ya kupanda tunapeleka mbegu kanisani. Kila nyumba inatia mafungu yake kwenye kapu kubwa mbele ya madhabahu, mahindi, pamba, choroko, na zinakaa pale Jumapili mpaka Jumapili. Hakuna anayegusa. Wazee wanasema ukichukua yako kabla ya wiki kuisha, mvua italiruka shamba lako. Nimekua na jambo hilo na sina ugomvi nalo.

Sasa Jumapili iliyopita mchungaji wetu akasimama na kapu lilelile. Akasema mwaka huu taifa nalo linapanda, kwa hiyo tulete shahada zetu za kupigia kura ziombewe kama mbegu. Watu wakainuka. Kadi zikadondoka kapuni moja baada ya nyingine, na akina mama wakapiga vigelegele.

Mama akatia yake. Na mimi nikatia yangu.

Mimi, Mwalimu Kabula, ninayefundisha Uraia Darasa la Sita! Ninayeandika ubaoni kwamba serikali haina dini, wananchi wake ndio wana dini. Ninayewaimbisha watoto kwamba kura ni siri na shahada haiazimwi wala haiwekwi rehani. Niliitoa kwenye pochi nikaitumbukiza, kwa sababu kapu lilikuwa la mbegu na mkono umezoea. Kweli mganga hajigangi.

Katikati ya wiki ndipo niliposhtuka. Yule tajiri anayenunua pamba yetu tangu soko lilipofunguliwa, ambaye mzani wake unajulikana mpaka Bariadi mjini kwa kula kilo za watu, anagombea udiwani. Na mabati ya paa jipya la kanisa yameshushwa na lori lake. Hapo hata mtoto wa chekechea angejumlisha.

Jana mchana nikaenda nyumbani kwa mchungaji. Nilijipanga kwa maneno makali, nimeyarudia njia nzima. Akanikaribisha vizuri, akaniletea maji, akaingia ndani akatoka na shahada yangu. "Mwalimu, wewe ni mtu unayeelewa. Chukua yako, wengine nitawapa kesho baada ya ibada, wasipoteze." Akatabasamu.

Nikaichukua. Ya mama sikuiuliza. Nilijiambia nitaidai leo, hakuna haraka, nisimvunjie heshima mtumishi wa Mungu sebuleni kwake. Uongo mtupu. Niliogopa asije akabadili nia na yangu nayo akaishika.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa wa tano kwenye mstari pale shuleni. Nikapiga kura zangu, nikachovya kidole kwenye wino, nikatoka nimenyoosha shingo. Saa tatu nilikuwa kwenye benchi la kwaya.

Baada ya mahubiri mchungaji akatangaza kwamba waumini wataitwa kwa majina, wapewe shahada zao mlangoni, wajipange mstari mmoja nyuma yake waende kituoni pamoja "kama familia". Njiani atawakumbusha picha ya kuwekea alama. Alisema hivyo, mchana kweupe, kanisani. Nikatazama wenzangu. Wote wanatazama miguu yao.

Jina la mama likaitwa. Akaenda mbele pole pole na kiuno chake kibovu, akanyoosha mkono, akaambiwa ajipange mstarini kwanza.

"Mchungaji," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka nyuma, "mbegu zangu huwa unaniombea, halafu nazibeba nikapande kwangu. Hujawahi kunifuata shambani kunionyesha mtaro. Nipe nikapande."

Mchungaji akacheka kidogo, akaitia shahada ya mama kwenye mfuko wa koti. Asiyetaka kwenda na wenzake, akasema, ataijia Jumatatu. Kisha akageukia kwaya na kuinua mkono.

Kiongozi wa kwaya ni mimi.

Nikaanzisha wimbo. Mama yangu amesimama peke yake mbele ya watu, anadai haki niliyoshinda mwaka mzima nikiifundisha, na mimi nikamfunika kwa wimbo. Sauti ya kwanza, ya pili, mpaka besi wakaingia. Akageuka akatoka mlango wa pembeni, na wale wengine wakaswagwa kwenda kituoni kama ndama waendao kwenye josho.

Namchukia mchungaji leo, nimeshasema, Mungu ataamua. Namchukia na tajiri na mabati yake. Lakini wao kazi yao naielewa, kila mmoja anajua anachotafuta. Mimi nilikuwa natafuta nini? Kusifiwa kwamba naelewa?

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ametulia kabisa, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nikampa pole, nikaanza kumweleza kwamba miaka mitano si mingi. Akatazama kidole changu chenye wino.

"Si unafundishaga kura ni siri, Kabula? Basi yangu ni siri gete, siri kabisa. Hata sanduku haliijui."

Nikaingia ndani. Nimekaa hapa kitandani na daftari, nasikia ungo unavyopigwa huko nje.

Kituo kinafungwa saa kumi. Kwa mchungaji ni mwendo wa dakika ishirini, kutoka kwake mpaka shuleni ni kumi, na kwa kiuno cha mama tuseme ishirini na tano. Muda upo. Safari hii sitakunywa maji yake. Nitasimama uani nimtaje kwa jina mpaka majirani watoke, na akitaka kunifukuza kwaya, anifukuze. Kesho nina kipindi cha Uraia. Wale watoto wataniuliza kama bibi amepiga kura, maana nyumba yetu wanaijua.

Nimechungulia dirishani kumwambia mama ajiandae.

Bado amevaa viatu vyake vya kanisani. Hajavivua tangu asubuhi.