Maandishi ya Matairini

Milola, 2 Desemba 1974

Dada Tekla,

Shikamoo. Hatujambo, korosho tunaendelea kuokota.

Kile kigari cha plastiki cha kuunganisha vipande alichonipa shemeji nilikipeleka kwenye maonyesho ya kijiji siku ya Saba Saba. Maandishi meupe ya kubandika matairini niliyaloweka kwenye sahani ya maji, yakateleza kutoka kwenye karatasi yake, nikayakandamiza kwa kidole taratibu mpaka yakashika. Nilijisifu kweli.

Akaja Mama Valeria, yule niliyemgombeza mkutanoni kwa kukosa siku moja darasa la kisomo cha watu wazima. Akainama, akayatazama matairi.

“Balozi, mbona herufi umezibandika miguu juu?”

Watu wakacheka, kisha wakaanza kutazamana. Kule kutazamana ndiko kulikoniumiza.

Dada, mimi balozi wa nyumba kumi, niliyewaandikisha watu wote kisomo, mwenyewe nilikuwa sijui hata a. Barua zangu zote ulizopokea aliziandika mke wangu, Cecilia. Niliona haya kukwambia.

Hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku nne. Kila jioni Mama Valeria huja kunisahihisha. Hajanicheka hata siku moja.

Mdogo wako,
Damiani